Gati Hakubana Mkono

Jumanne ile niliukuta uwanja haujafagiliwa.

Nilisimama na begi begani nikautazama. Majani ya mkaratusi yalikuwa yametapakaa juu ya magunia, na kuku wa jirani walikuwa wanapekuapekua katikati ya ulingo. Kwa miezi kumi na moja Gati alikuwa anafika Buhare, kwenye uwanja wetu wa mazoezi, kabla yangu. Hakuna aliyemtuma. Alifagia, akanyunyiza maji ili vumbi lisipande, kisha akakaa juu ya ndoo kunisubiri.

Ndoo ilikuwa imefudikizwa palepale alipoiacha Ijumaa.

Kwa msomaji anayeanza na sisi leo, mambo yako hivi. Mimi ni Marieta, mtoto wa mvuvi wa Majita, nimesoma hadi kidato cha nne. Mume ameshaniacha, kwaya imeshanitoa, na wote wawili walitoa sababu moja, kwamba mimi ni mwanamke wa mieleka. Ulikuwa mwaka 1989, siku za ruksa. Vibanda vya video vilikuwa vimefika Musoma, na watu waliochoshwa na foleni za sabuni walikuwa tayari kulipa kiingilio kuona mtu akibwagwa. Makongoro, muuza mitumba, akaanzisha kundi la mieleka ya kulipwa: wanaume sita, na sisi wawili, mimi na Gati.

Sisi hatukuhesabiwa wanamieleka. Wanaume wakipumzika tulitolewa na kanga viunoni, tukavutana nywele, walevi wakacheka. Hata kibali cha ofisi ya utamaduni kiliandikwa hivyo: mieleka ya wanaume, pamoja na vichekesho.

Wiki iliyopita nilieleza Jumamosi ya Musoma, tulipomgomea Makongoro. Tulivua kanga mlangoni, tukaingia na mavazi ya mieleka, tukapigana kama wanaume wanavyopigana. Watu walipiga miluzi, wakanyamaza, mwishoni wakasimama. Afisa utamaduni naye akasimama. Makongoro akatuahidi kwamba Bunda, baada ya wiki mbili, bango litaandikwa "pambano la wanawake".

Kuna jambo moja la Jumamosi ile ambalo wiki iliyopita sikuliandika.

Nilikuwa bado nafukuza kuku Silasi alipofika. Silasi alikuwa mkubwa kuliko wanaume wote wa kundi, na mwepesi wa maneno.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Sijui."

"Kachoka. Siku moja tu mmepigana kweli, mtu yuko hoi kitandani."

"Gati hachokagi."

"Basi kaolewa." Alivua viatu. "Chukua ufagio, dada. Leo zamu yako."

Sikuchukua ufagio. Nilikwenda mtaa wa Kitaji, Gati alikopanga chumba.

Mama mwenye nyumba, Hyasinta, alikuwa anaanua dagaa juu ya mkeka. Hakusimama.

"Ameenda kwao Butiama tangu Jumapili. Hakukuaga?"

"Hapana. Alikuwa anaumwa?"

"Sasa hapo ndipo sielewi. Nilimwona anatoka chumbani anashika ukuta. Nikamwambia, we Gati, unaumwa? Akasema hapana. Akatapika pale kwenye mpapai, unapaona. Nikamuuliza tena. Akasema hapana mama, ni malaria kidogo." Hyasinta alichambua kijiti kwenye dagaa akakitupa. "Malaria siku hizi siyo kuumwa?"

"Alipata gari?"

"Alipata. Na begi alibeba mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akakataa. Alikuwaga hivyohivyo, huyo. Mtu wa kukataa."

Nilipotoka nje, gari la Makongoro lilikuwa linasimama. Hakuzima injini.

"Nimekutafuta Buhare," alisema. "Panda."

"Tunakwenda wapi?"

"Butiama. Gati amefariki alfajiri."

Nilipanda. Sikumbuki kama nilimuuliza kitu. Nakumbuka kioo cha upande wangu kilikuwa hakishuki, na kwamba njia nzima Makongoro alikuwa anazungumza. Mabango ya Bunda yalikuwa yameshachapwa. Kibali kilikuwa kimetoka Jumatatu mchana, na kilikuwa na maneno yale matatu.

"Mara ya kwanza mkoa mzima," alisema. "Halafu hivi."

Nilisema ndiyo.

Kwa mzee Machage, baba yake Gati, watu walikuwa wamekaa juu ya mawe na mabenchi ya kanisa. Nililala kwa wanawake, nikamenya mihogo pamoja nao. Mama mmoja aliniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Akaniuliza kazi gani, nikaomba kisu kingine, kile changu kilikuwa butu.

Jumatano adhuhuri katekista alikuja kuuliza nani ataandika historia ya marehemu. Mazishi yalikuwa saa tisa, na karatasi ilikuwa tupu.

"Huyo," mzee Machage alisema, akininyooshea kidole. "Ameishi naye mjini. Na amesoma."

Wakanipa daftari na kalamu ya wino mwekundu, hapakuwa na nyingine. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya wazee. Mzee alitaja, mimi nikaandika. Alizaliwa mwaka 1965. Mtoto wa tatu kati ya saba. Alimaliza darasa la saba. Alipata kipaimara.

Tukafika kwenye kazi.

"Andika msanii wa vichekesho." Alikuwa Makongoro, ameinama nyuma ya bega langu.

"Ndiyo nini hiyo?" mzee aliuliza.

"Kuchekesha watu, mzee. Kule ukumbini. Wanajifanya kama wanapigana, watu wanacheka, wanakwenda nyumbani."

"Mimi niliambiwa anapigana."

"Mzee wangu, mwanamke atapigana na nani?" Wazee wawili walitabasamu. Makongoro akapata nguvu. "Muulize hata huyu. Ni mchezo tu. Hakuna anayeumia."

Nilijua anachokilinda. Habari zikifika ofisini kwamba mwanamke ameumia ulingoni, kibali kinarudi, na kundi lote linafungwa, hata wanaume. Hilo lilikuwa lake. Mimi nilikuwa na langu.

Mzee Machage aliniangalia mimi.

"Binti. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mwanangu alikuwa anapigana, au alikuwa anachekesha?"

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliiona ncha yake na herufi ya mwisho niliyoandika. Wote walinisubiri.

"Ni kama alivyosema bosi," nilisema.

Mzee alinitazama kidogo.

"Haya. Andika."

Nikaandika msanii wa vichekesho. Chini yake nikaandika ule mstari unaowekwa kwenye historia za marehemu wote, kwamba alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Sikukata neno hata moja.

Saa tisa walinipa niisome mwenyewe, kwa sababu katekista hakuwa na miwani. Nilipofika kwenye vichekesho, mtu mmoja huko nyuma alicheka, halafu akajikohoza.

Nilisoma hadi mwisho. Nikakunja karatasi.

Mzee Machage akasimama. Haikuwa kwenye utaratibu, na katekista alitaka kumzuia, akaacha.

"Mimi sijui kusoma," mzee alisema. "Hayo yaliyosomwa nimeyasikia. Sasa na mimi niseme. Huyu mtoto, siku yeye na wasichana wenzake walipokwenda kukatwa, ile tohara yetu, wanawake wote walimtazama kope. Ndivyo wanavyofanya, wanatazama kope. Wenzake watatu walipepesa. Yeye hapana. Wanawake walirudi hapa wanaimba jina langu. Kwetu ukipepesa, umeiaibisha nyumba ya baba yako. Jumapili hii amefika anatembea mwenyewe, begi mkononi. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema hapana. Akakaa na wadogo zake. Jumatatu nikamuuliza tena. Akasema hapana, baba. Jumanne hatukuuliza." Aliitazama karatasi mkononi mwangu. "Mimi sijui vichekesho. Lakini nataka kujua nani alimwangusha mwanangu."

Katekista aliwaashiria vijana wa koleo. Wakaanza kufukia.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo sikuliandika.

Kwetu Majita, kwenye mtumbwi, ndoano ya sangara ikikunasa kidole unapiga kelele. Mara moja, hapohapo. Wenzako wakisikia wanaacha kuvuta kamba. Ukinyamaza wanajua uko salama, wanaendelea kuvuta, na kidole kinakwenda na kamba. Baba yangu alikuwa anawapiga kaka zangu kwa kunyamaza. Kwa kulia hakuwahi kumpiga mtu.

Ulingoni huwezi kupiga kelele, watu watajua kwamba tumepanga. Kwa hiyo nilimletea Gati ishara. Nikikubwaga, nilimwambia, nitakushika mkono kama vile nakukandamiza chini. Ukiumia, bana mkono wangu mara mbili, mimi nitalegeza na tutamaliza taratibu. Usipobana, naendelea.

"Nimeelewa," alisema.

Kwa miezi kumi na moja ya mazoezi hakubana hata mara moja. Mimi nilibana mara nyingi, hata kwa vitu vidogo. Nilifikiri ana bahati ya kuanguka vizuri. Nilikuwa namsifia kwa watu.

Ulingo wetu ulikuwa magunia ya pamba yaliyopangwa na kufunikwa turubai. Jumamosi ile ya Musoma nilimnyanyua Gati hadi mabegani, watu wakanyamaza, na mguu wangu ukazama katikati ya magunia mawili. Hakuanguka tulivyopanga. Alitangulia kichwa. Nilisikia mlio.

Nilimkandamiza, nikamshika mkono, nikasubiri.

Mkono haukubana.

Nikamnyanyua mara ya pili. Ni kwa ile mara ya pili watu walisimama.

Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi na karatasi yangu, na nikaelewa. Alikuwa amenijibu kila siku kwa miezi kumi na moja, kwa lugha ya kwao, na mimi nilikuwa nasoma kwa lugha ya kwetu. Nilitazama koleo zinavyokwenda. Machozi hayakuja, na sikuyatafuta.

Sikumwambia mzee. Niliondoka na Makongoro kabla ya chakula.

"Umefanya vizuri," aliniambia garini.

"Mimi nimeacha mieleka."

"Sawa."

Tulifika karibu na barabara kuu kabla hajasema tena.

"Jumatatu nitakirudisha kibali. Nitamwambia afisa wanawake wameshindwa. Atafurahi, alishasema mwanzoni kwamba hawataweza. Tutarudi kwenye vichekesho. Nitapata wasichana wa kilabuni, hao hawana shida na kanga."

"Usikirudishe."

"Utapigana na nani sasa?"

Alinishusha Kitaji.

Jumatatu nilikwenda Buhare kuchukua viatu vyangu. Nilikuwa nimepanga kuvichukua na kuondoka. Nilipofungua lango, uwanja ulikuwa umefagiliwa.

Maji yalikuwa yamenyunyizwa. Juu ya ndoo alikaa msichana mrefu wa miaka ishirini hivi, mwenye paji la uso la Gati. Nilimjua, tulimenya mihogo pamoja. Alikuwa Susana, mdogo wake. Mapajani alikuwa na vazi la kijani la Gati, lile la kuogelea tulilolitafuta kwenye mitumba siku nzima. Lilikuwa limefuliwa na kukunjwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Baba kanituma."

"Kakutuma nini?"

"Alisema, nenda ukaone mwenyewe. Kama ni vichekesho, rudi nyumbani. Kama ni kupigana, baki." Alitazama magunia. "Ni kipi?"

Silasi alikuwa amekaa pembeni anafunga kamba za viatu. Akaacha kufunga.

"Ni kupigana," nilisema.

"Basi nifundishe."

"Nenda nyumbani, Susana. Mmetoka matanga juzi."

"Baba atakuja Bunda Jumamosi. Ameshasema atakaa mbele. Anataka watu wa ofisi ya utamaduni wamwambie yeye, kwa midomo yao, mwanawe alikuwa nani." Alisimama. Alikuwa ananizidi kimo. "Asipoona pambano, ataamini ile karatasi yako."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayeeleza basi linaondoka saa ngapi.

Tulianza siku ileile. Susana alikuwa mwepesi kujifunza kuliko mimi na kuliko Gati. Miaka yote ya kubeba maji kupanda vilima vya Butiama ilikuwa kwenye mapaja yake. Silasi aliwaita wanaume waje waone, na hawakutaniana. Jioni alimweleza Makongoro alichokiona, na kibali hakikurudishwa.

Nilimfundisha kuanguka. Nilimfundisha kukunja kidevu. Halafu nikamfundisha ishara. Nikamwambia ya mtumbwi, ya ndoano, ya kidole.

"Nimeelewa," alisema.

"Usiseme umeelewa. Sema utafanya."

"Mbona unanikazia hivyo?"

"Kwa sababu dada yako hakubana."

Susana alikuwa amepiga magoti juu ya turubai, ananiangalia. Niliona akipanga maneno yangu moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema. Sikusikia chochote kifuani. Nilisikia kuku wa jirani.

"Baba anajua?"

"Hapana."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Kabla ya pambano au baada?"

Nilianza kukaza kamba ya turubai. Alijifuta mikono kwenye mapaja.

"Mbinu ile uliyombwaga nayo," alisema. "Nionyeshe."

"Hapana."

"Ile iliyosimamisha watu. Watu wa Bunda watakuja kuangalia nini, tukivutana nywele?"

"Nimesema hapana."

"Basi niambie nirudi nikamwambie mzee kwamba ni vichekesho."

Jumanne alasiri tuliyashona magunia, moja kwa jingine, kwa sindano ya makuti na kamba ya nyavu, mguu usizame tena. Mwenyewe niliyakagua mara mbili. Halafu nikamnyanyua. Alikuwa mzito kuliko Gati na hakutikisika huko juu. Nikambwaga, akaanguka, si vibaya sana, mkono mmoja ulikaa chini yake.

Nilimkandamiza. Nikashika mkono wake ule mwingine. Nikahesabu moja hadi kumi.

Haukubana.

"Susana. Umeumia?"

"Hapana."

"Niangalie."

Aliniangalia. Macho yalikuwa wazi kabisa, makavu.

"Tena," alisema.

"Tumemaliza kwa leo."

Usiku nilikaa na karatasi nikamwandikia mzee Machage barua. Sentensi mbili. Niliandika kwa wino wa bluu. Asubuhi nikakumbuka kwamba hajui kusoma, na kwamba atakayeibeba na kumsomea ni Susana.

Jumatano nilifika Buhare mapema kuliko siku zote. Nilimkuta anafagia. Alikuwa amenipa mgongo, na hakunisikia. Alishika ufagio kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka kiwiko hadi kiganja, na alikuwa ameubana ubavuni ili usicheze.

Alipogeuka akauficha nyuma ya kanga.

"Shikamoo, dada."

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu."

Langoni gari lilipiga honi. Makongoro hakushuka. Alitoa mkono dirishani, ameshika bango jipya lililokunjwa, akalifungua ili tulione. Juu palikuwa na majina ya wanaume. Chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, yalikuwapo yale maneno matatu, na jina langu, na jina la Susana.

Pambano lilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, Bunda.